Kitabu cha arobaini ya baba, nimetengenezea hapa

Jamani nimeona niandike maana watu wa Tanga bado wananiuliza kile kitabu cha kumbukumbu ya baba nimetengenezea wapi, ni hapahapa kwenye duka hili la kuchapa vitabu. Marehemu alikuwa daktari wa upasuaji, kafanya kazi hospitali ya Bombo pale Tanga miaka mingi, na mimi nilikuja dukani na kurasa 4 za wasifu, kasoma wapi, kastaafu lini, na picha za suti. Dada wa dizaini akasoma zote akaniuliza, "Kaka, mzee akiwa nyumbani alikuwa anapenda kukaa wapi?" Basi nikajikuta namsimulia kiti chake cha barazani, yaani kila jioni anafunga uzi kwenye mkono wa kile kiti, yale mafundo ya kushonea mgonjwa, huku anasikiliza taarifa ya habari na mdogo wetu kamlalia mapajani, miaka nenda rudi mpaka mbao ikaliwa na uzi. Kesho yake wakatuma kijana na kamera akaupiga picha ule mkono wa kiti, ndo uko kwenye kava. Mama alipokiona kitabu hakusema kitu, alipitisha kidole palepale penye alama.

Halafu wakashauri tutafute watu aliowatibu. Hapo nikasita, maana kazi kubwa ya baba ilikuwa mabusha, na pwani yetu mnaijua, mtu anajificha ndani ya kanzu miaka 20 anadhani karogwa kumbe ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu. Baba alikuwa anawafuata mpaka vijiweni, anamwinamia mtu sikioni, "njoo Jumatatu". Wazee 3 wakakubali wenyewe kusimulia, mmoja anasema baada ya oparesheni ndo akapata ujasiri wa kuoa. Dada kaandika maneno yao vilevile walivyosema, majina hakuweka.

Kasoro zipo. Kopi kama 10 gundi iliachia katikati, na mzigo ulitoka usiku wa kuamkia hitma, presha ilinipanda kwelikweli. Zile 10 wakarudia bure bila maneno. Kopi 100 za kurasa 24 nililipa laki 9, sio rahisi ila karatasi nzito na picha hazijafifia. Mkija bebeni picha za nyumbani, hata zilizochakaa. Mimi narudi kuongeza kopi, zote ziliisha palepale barazani, wale wazee kila mmoja kaondoka na mbili.