Seti ya chumvi ya kuogea ya elfu 38, nimeitumia wiki 3

Haya jamani, mlioniuliza kuhusu ile seti ya kutengeneza chumvi ya kunukia nyumbani, sasa naweza kuongea. Duka silitaji, yule dada muuzaji alinijibu vizuri tu, shida ni mzigo wenyewe.

Elfu 38, bodaboda juu yangu. Ndani kuna chumvi ya Epsom nusu kilo, chumvi ya mawe robo, baking soda, maua ya waridi makavu, kichupa cha mililita 5 kimeandikwa lavenda na chupa ya kioo ya kuhifadhia. Boksi sasa! Utepe, kadi ya shukrani, yani kama zawadi ya sendofu.

Kutengeneza hakuna kazi, dakika kumi umemaliza: Epsom vikombe viwili, ya mawe kimoja, soda nusu, unadondoshea mafuta unakoroga unafunika. Ila hiyo lavenda ukiifungua ni harufu ya ile dawa ya kusuuzia nguo kabisaa. Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, kesho yake doa la mafuta liko palepale, wakati mafuta halisi ya maua yangekuwa yameshapaa karibu yote. Alafu kifuniko hakikazi, na hili joto la Dar na unyevu wake siku ya tano chumvi imeshakuwa jiwe, nachokonoa na mpini wa kijiko. Yale maua nayo yakageuka rangi ya majani ya chai yakaenda kuziba tundu la bafuni, usiyaweke kabisa.

Kadi inakwambia ujilaze kwenye maji ya vuguvugu dakika 20. Ujilaze wapi, nani huku Mbagala ana bafu la kulala? Mie naweka miguu kwenye beseni nikirudi kazini, na hapo sitadanganya, raha ipo, hasa siku nimesimama kwenye daladala kuanzia Posta.

Lavenda ilivyoisha nikatoa mafuta yangu ya karafuu, nililetewa kutoka Pemba, yale ya kiwanda cha ZSTC (shirika la biashara la Zanzibar) pale Wawi wanayotoa kwa mvuke kwenye makonyo, vile vijiti vya karafuu. Harufu yake acha tu, jirani alikuja kuuliza napika pilau saa hizi? Sasa kadi imesema matone 10 moja kwa moja kwenye maji, nikafuata. Loo! Mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu, ukitumbukiza mguu yote yanakuganda kwenye ngozi, na karafuu ni ileile tunayoweka kwenye jino bovu mpaka fizi inakufa ganzi, kwaiyo fikiria. Miguu iliwaka, wekundu umekuja kutoka baada ya isha. Kadi nzima hakuna neno la tahadhari, hata kuhusu mjamzito au mtoto mdogo hawajagusia, hapo ndo waliponiudhi kweli.

Sasa hivi nafanya hivi: matone manne tu ya karafuu kwa kikombe kizima cha chumvi, nayachanganya kwanza kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ndo namwagia kwenye chumvi. Kwenye beseni naweka viganja viwili. Haiwashi tena ila beseni linateleza, lioshe na sabuni. Mchaichai nao umekubali, harufu yake nyepesi kuliko karafuu. Na usitengeneze nyingi, ya wiki moja inatosha, weka kwenye kopo la kahawa lenye kifuniko cha kukaza.

Epsom yenyewe nimeikuta famasi ya mtaani, chumvi ya mawe iko sokoni na nazi sote tunajua. Bibi yangu ndo kanimaliza, kaishika ile pakiti kaisoma kaonja kidogo akacheka mpaka akakaa chini: "Mjukuu wangu, hii si chumvi ya haluli? Sisi tulikunywa tumbo likifunga, wewe umeinunua elfu 38 unaioshea miguu?" Sikuwa na jibu.

Nyota 2 kati ya 5. Chupa nimeshaitia binzari, binzari haijali kifuniko.