Nimeicheza tena Contra na mdogo wangu: tazameni maporomoko ya steji ya tatu!

Karibuni tena ndugu zangu, karibuni sana. Leo sina salamu ndefu, mikono inaniwasha. Hii hapa kwenye skrini ni Contra Anniversary Collection ya kampuni ya Konami, magemu 10 ya Contra, lile gemu la kukimbia na kupiga risasi, kwenye kifurushi kimoja. Ilitoka 2019, ipo PlayStation 4, Xbox One, Switch na kompyuta. Ubora wa picha mnauona wenyewe, hiyo tuiruke.

Wa rika langu mnaijua hata kama jina hamkulijua. Ile mashine ya Kichina yenye kaseti ya njano, imeandikwa gemu 9999999, ukihesabu ni zilezile chache zinajirudia. Majamaa wawili vifua wazi, wakiruka wanabingirika hewani. Ukiokota ile herufi S risasi zinatoka tano kwa mpigo, mtaa mzima unapiga kelele!

Na ile siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu start. Maisha 30. Sisi tuliipokea kwa mdomo, mkubwa anamfundisha mdogo, hakuna aliyeiona imeandikwa popote. Nimekuja kujua ukubwani kwamba aliyeitunga ni Mjapani, Kazuhisa Hashimoto. Alikuwa anatengeneza gemu la Gradius la mwaka 1986 la Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, kuijaribu kukamshinda kwa ugumu, akajiwekea njia ya mkato. Alifariki 2020. Mzee yule ametulea wengi sana bila kutujua.

Sasa subirini, msiondoke. Nachagua toleo la Famicom, lile la Japani. Angalieni ile miti nyuma. Mnaiona inavyopepea? Inapigwa na upepo! Ile ya kwetu miti ilisimama kama imechorwa ukutani. Kaseti ya Japani ilikuwa na chipu ya ziada, VRC2, ndiyo inayotikisa majani haya. Ya Marekani haikupewa. Nikifika steji ya tano theluji inadondoka kweli, na kati ya steji na steji unaonyeshwa ramani. Miaka yote ile nilidhani nimeimaliza Contra.

Haya. Steji ya tatu, maporomoko. Hapa ndipo nilipotaka tufike. Dogo, shika pedi ya pili, kaa hapa kwenye kamera waone mikono yako.

Mnaona, hapa tunapanda juu. Mimi naruka, natua kwenye jiwe hili. Naruka tena. Sasa msiniangalie mimi, mwangalieni yeye kule chini. Naruka mara ya tatu... amekufa! Hakuna aliyempiga risasi. Skrini imenifuata mimi niliye juu, yeye ukingo wa chini umemmeza. Narudia tena muone vizuri. Napanda... amekufa tena.

Utotoni nilimgombeza kwa hili mpaka akalia. Nilimwambia hajui kucheza, nikamnyang'anya pedi nikampa mtoto wa jirani. Kumbe kila alipokufa pale nilikuwa nimemuua mimi kwa haraka zangu. Juzi tulipofika hapa akaniambia, "Kaka, nisubiri basi." Nikasimama. Akaruka, akatua pembeni yangu, tukaenda jiwe kwa jiwe, huyu anafyatua kushoto na huyu kulia, mpaka kwa bosi. Hatukupoteza hata maisha moja. Nimefurahi kuliko gemu lolote jipya nililonunua mwaka huu, nawaambia ukweli.

Nisichokipenda sasa. Kila gemu lina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Moja! Na ukikosea huwezi kurudisha nyuma, wakati kifurushi kingine, Sega Mega Drive Classics ya 2018, kina kitufe cha kurudisha, tena kina magemu zaidi ya 50. Mwanzoni hilo liliniudhi sana. Lakini baada ya yale maporomoko sina hakika tena kama nakitaka kitufe kile, maana ningerudisha nyuma tu na nisingesimama kumsubiri mtu. Nafasi za kuhifadhi, hapo sibadilishi, zilitakiwa kuwa nyingi.

Kidokezo kwa mikono ya watu wazima: kwenye Contra: Hard Corps ya Mega Drive, ile mashine ya Sega, chagueni ya Kijapani, iliyoongezwa bure baadaye kwenye kifurushi hiki. Ile ya Marekani ukiguswa mara moja umekufa. Ya Japani inakuvumilia hadi mara tatu. Mkiona humo jina Probotector, hiyo ni Contra ya Ulaya, watu wamegeuzwa roboti, basi.

Bei ilipotoka ilikuwa dola 19.99. Kama una mtu wa kukaa naye na pedi mbili, lipa. Kama uko peke yako, ngoja punguzo.

Ijumaa tunaendelea na Super C, Contra nyingine humu humu, mubashara, wote wawili, bila ile siri ya maisha. Bonyeza kengele. Na kama uliwahi kumuacha mtu chini kwenye maporomoko haya, andika jina lake la utani hapo kwenye maoni, nitayasoma yote. Dogo, rudisha mwanzo. Safari hii tangulia wewe.