Azola kwenye jaruba la mpunga: je, inazuia magugu kweli?

Haya, karibuni. Bidhaa ya leo haina chupa wala lebo, iko humu ndani ya beseni. Hii ni azola, kimmea kidogo kinachoelea juu ya maji, jamii ya kangaga. Ukiigeuza unaona vimizizi vinaning'inia tu, havigusi udongo. Wauzaji wanaisifia kwa mengi: mbolea, chakula cha kuku, chakula cha samaki. Leo naipima kwa jambo moja tu. Ukiitandaza jarubani, magugu yanapungua?

Yanapungua, lakini si yote.

Mbegu za magugu mengi ya majini ni ndogo mno, hazina akiba. Zikishaota, zisipopata mwanga mapema zimekwisha. Azola ikiziba uso wa maji, giza linakuwa chini na vimiche vinafia humo humo. Mpunga uliopandikizwa hausumbuki, kwa sababu majani yake yameshatokeza juu.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo thamani yake ilipo. Mpunga unaumizwa zaidi na magugu katika siku 30 hadi 40 za mwanzo. Hata ukipanda kwa sentimita 20 kwa 20, mwanzoni jua lote linapiga majini katikati ya mistari. Azola inashika zamu hiyo. Mpunga ukishachipua vizuri na majani yakakutana, kivuli chake wenyewe kinatosha, na azola nayo inakosa jua, inaanza kuoza. Kwenye majani yake wanaishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, kwa hiyo ikioza, nitrojeni hiyo inaingia udongoni. Dawa ya magugu haikupi hilo.

Udhaifu wake? Zile nyasi za Echinochloa, zinazofanana na mpunga mpaka unazipalilia kwa wasiwasi. Zinatoboa zulia la azola bila shida, na jua likiwa kali zinakua kasi kuliko mpunga. Hizo ni za kung'oa kwa mkono, tena kabla hazijatoa mbegu. Magugu yanayochipua kutoka kwenye viazi vyake ardhini nayo yana akiba, yatapita. Anayekuambia azola inafuta palizi anataka uinunue tu.

Jambo la pili ni maji. Inataka maji yaliyotulia, sentimita 5 hadi 10 hivi. Jaruba likikauka inalala kwenye tope na kufa. Upepo ukivuma inasukumwa upande mmoja, na kule kulikobaki wazi magugu yanashangilia. Ikigeuka nyekundu, ujue kuna kitu kinaisumbua: mara nyingi ni upungufu wa fosforasi, au jua kali, au baridi. Na kama umesia mbegu moja kwa moja shambani, usiimwage mapema, itafunika mpunga wako mchanga pamoja na magugu.

Mimi ningempa mtu anayepandikiza kwa mistari na ana mfereji anaoumudu. Anayetegemea mvua tu, abaki na palizi yake.

Ukinunua, dai iliyo hai, ya kijani, bado na unyevu. Ile iliyokaushwa kwenye mifuko ni ya kulishia kuku, jarubani haifanyi kazi hii. Na mahali maji yanapotokea weka wavu, kwa sababu ikitoroka mpaka kwenye mfereji wa wote itauziba, na majirani watakuja kukugongea mlango.