Mkebe wa nyumbani au sahani ya shule? Ulinganisho kwa wazazi wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) Kisumu

Chakula cha shule hupikwa papo hapo na kuliwa kingali moto: uji wa wimbi saa nne, githeri au wali kwa maharagwe mchana. Wote wanakula sawa, hakuna anayechungulia mkebe wa mwenzake. Ubaya ni malipo ya mkupuo muhula unapoanza, na mtoto mwenye mzio wa maziwa anategemea kumbukumbu ya mpishi.

Mkebe unakupa usemi juu ya anachokula mtoto. Lakini joto la Kisumu halina huruma: chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa 2 bila ubaridi, na ulichofunga alfajiri huliwa saa sita. Kwa hiyo shule ikikataza omena na mchuzi mkebeni, naiunga mkono. Ikikataza viazi vitamu (shule za hivyo zipo!), ningeomba kikao na mwalimu. Njugu nzima ziache nyumbani hata kama hazikukatazwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 hukabwa nazo kwa urahisi.

Kama shule inaruhusu kuchanganya, ningelipia sahani ya mchana, mkebe nikautilia ndizi tu.