Kibanda cha kurusha nyimbo pale stendi Tabora, eti wimbo wangu "haupo duniani"

Jamani naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Mtu akiniuliza kama hapa Tabora kuna huduma ya kutafutiwa wimbo usioujua jina nitamwambia ipo. Akiniuliza inafaa? Hapo ndio kazi ilipo, maana nusu ya kosa nimekuja kugundua si lao, ila ile nusu nyingine ni yao kabisa na sitawaachia.

Mimi fundi cherehani, nashonea barazani huku Ng'ambo, redio yangu inakaa juu ya kabati la vitambaa tangu asubuhi mpaka naingiza mashine ndani. Jumapili moja, mwezi sikumbuki ila shule zilikuwa karibu kufungua maana nilikuwa na mlima wa sare, wakaweka kipindi cha zilipendwa. Nakanyaga pedali zangu, nashona kola, mara likaingia gitaa. Linaanza lenyewe tu, kama mtu anabisha hodi halafu anaghairi, anabisha tena, ndipo wenzake wanaingia wote kwa mpigo na juu yao domo la bata, saksafoni ile, linalia. Niliacha pedali. Sindano imebaki ndani ya kola, mguu uko hewani, mteja wangu aliyekuja kuulizia gauni lake ananiangalia anadhani nimepatwa na kitu. Wanaimba sauti mbili, neno "stesheni" nililidaka mara mbili, na kingine kama "usinisubiri" au "usinisumbue", hapo siwezi kuapa. Na mimi zilipendwa ni kwetu, marehemu baba redio ilikuwa haizimwi, lakini huo sijawahi kuusikia hata siku moja.

Ukaisha. Mtangazaji kimya! Kaunganisha na tangazo la magodoro halafu wakahamia kwenye mpira. Enzi za RTD, Redio Tanzania ile ya zamani, wimbo ukipigwa unatajiwa jina, bendi na mara nyingi hata mtunzi, hata kama kabla yake umesomewa kadi ya salamu ya mtu wa Urambo anayesalimia ukoo mzima mpaka shemeji wa shemeji. Hawa wa sasa wanacheka wenyewe kwa wenyewe studio, wanapiga wimbo, wanatuachia kitendawili. Nikapiga simu kituoni, kapokea mlinzi. Kaniambia watangazaji wametoka wameenda kula. Haya.

Sasa mpwa wangu alishaniwekea kwenye simu ile programu ya kutambua nyimbo, unabonyeza, inasikiliza, inakutajia. Jumapili iliyofuata nikakaa mkao wa kula, hawakuupiga. Ikapita nyingine, au mbili, ndio wakaupiga tena, nikalijua gitaa lile lile kabla hata hawajaingia wenzake. Nikabonyeza, kaduara kanazunguka, kanazunguka, ikaja meseji bando limekwisha. Nilitamani niibamize ile simu na pasi ya mkaa. Haraka haraka nikafungua sehemu ya kurekodi, nikaisogeza redioni, na dakika hiyo hiyo jirani yangu wa dukani, dada mmoja ana sauti ya mnadani, katokeza kichwa: "Una chenji ya elfu kumi?" Katikati ya gitaa! Nikamwekea kidole mdomoni anyamaze. Yeye akaona sijasikia, karudia kwa nguvu zaidi, "Fundi! Una chenji ya elfu kumi?" Basi hiyo ndio rekodi niliyonayo, dakika mbili na kitu, wimbo, redio inakoroma, na dada wa chenji mara mbili.

Simu yangu haikuweza kujipigia halafu ijisikilize yenyewe, na ya kuazima sikupata, ndio nikaenda stendi kwenye kile kibanda. Sikitaji kwa vile sitaki kesi, ila wenyeji mnakijua, kina spika mbili urefu wa mtu zinatazama barabarani na ubao umeandikwa kwa chokaa TUNARUSHA NYIMBO MUVI, TUNATAFUTA WIMBO WOWOTE DUNIANI. Shikeni hilo neno duniani.

Nimefika nimesalimia, kijana hajaitika, macho yako kwenye simu. Nimesimama. Baadaye ndio kasema "shida nini bi mkubwa". Bi mkubwa! Mimi na mama yake sijui nani mkubwa lakini hata shikamoo? Nikamweleza, akachomeka waya akaihamishia ile rekodi kwenye kompyuta yake, na bila hata kuniambia "mama niipige?" akafungulia spika zote mbili. Stendi nzima ikasikia gitaa, ikasikia domo la bata, halafu UNA CHENJI YA ELFU KUMI. Makondakta walivunjika mbavu. Mmoja akajibu kutoka mlangoni kwa basi, "Sina mama, nina ya elfu tano!" Nami nikacheka, sikatai, hapo bado nilikuwa na moyo mweupe.

Akaweka simu yake karibu na spika. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili ikatoa wimbo wa Wazungu wa kwenye madisko, tum tum tum, hauna hata uzi wa gitaa, akanigeuzia kioo ananiambia ndio huu. Nikamwambia mwanangu huu siyo. Kanijibu biti zinafanana. Zinafanana wapi? Akajaribu ya tatu, hakuna. Ndipo akaweka simu mezani, akaegemea kiti, akaniangalia kama daktari anayekuletea majibu mabaya, akasema: "Mama, huu wimbo haupo duniani. Ungekuwepo simu ingeujua."

Nikamuuliza sasa hivi hapa unausikia au huusikii?

"Nausikia. Ila haupo."

Mimi hilo jibu nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeshona nalo suruali nikakosea kipimo. Nausikia ila haupo! Watu walikaa wakautunga, wakafanya mazoezi, mtu kapuliza domo la bata mpaka mashavu yakamuuma, leo kijana anayeuza nyimbo za wenzake kwenye flashi anasema haupo kwa sababu simu imenyamaza. Na namna alivyosema, kama vile mimi ndio nimeutunga uongo nyumbani nikamletea. Watu wanasikiliza pale.

Halafu akanidai elfu mbili. Ya nini? Ya kutafuta. Na kwa elfu tatu zaidi akasema ananiwekea zilipendwa mia mbili kwenye flashi, "humo humo utakuwemo tu mama". Umesikia? Dakika mbili nyuma haukuwepo duniani, sasa umo kwenye flashi ya elfu tatu. Na mimi mjinga nikatoa. Kufika nyumbani ni traki moja, traki mbili, traki tatu, hakuna jina hata moja, thuluthi nzima ni kwaya, na kuna wimbo mmoja wa Kilingala umejirudia mara kumi na moja, nimehesabu. Siku ile ningepewa nafasi ya kutoa nyota nisingetoa hata nukta.

Nikampigia mpwa wangu, anasoma mambo ya kompyuta Dodoma, nimtukane yeye na programu yake. Akanipoza. Kasema shangazi ile programu haisikilizi maneno wala haijui huu ni muziki mzuri au mbaya, inachofanya inachukua zile sauti zinazojitokeza zaidi, kila moja na sekunde yake, inazipanga kama alama za vidole, halafu inakwenda kulinganisha na alama zilizoko kwenye ghala lake kwa njia ya intaneti. Tena inatafuta rekodi ile ile, siyo wimbo tu, hata bendi ile ile ingeupiga upya ukumbini inaweza isiutambue. Nikamuuliza kwani siyo cherehani na dada wa chenji ndio wameharibu? Kasema kelele kidogo inavumilia, tatizo linaweza kuwa ghalani haumo. Ni kama polisi, kidole chako watakitambuaje kama hujawahi kukamatwa?

Hapo nikalainika. Nikasema basi programu sio mbovu, nampa nyota tatu, maana angalau yenyewe ilisema sijapata, haikuniambia haupo duniani. Ila kijana wa kibanda msimamo wangu uko pale pale.

Siku nyingine nimepeleka redio kubadilishwa swichi kwa mzee mmoja fundi huko Kanyenye, nikaona nimsikilizishe. "Mwangaluka mwanangu, lete nisikie." Kaiweka sikioni, kafumba macho, dada wa chenji kapita hata hajatikisika. Akasema kwanza hilo simu itaujulia wapi, bendi za wakati ule nyingi zilikuwa zinaenda kurekodi RTD Dar es Salaam, utepe unabaki kule kule kwao wa kupigwa redioni, hauuzwi dukani. Zilizotoka kwenye santuri zilikwenda kutengenezewa Nairobi maana sisi kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Sasa kama hakuna mtu aliyekaa akautoa kwenye utepe akauweka mtandaoni na jina lake, simu utailaumu nini. Nikasikia aibu, nilikuwa nimemtukana mpwa bure.

Nikamuuliza, mzee hawa si watu wa hapa hapa? Maana Tabora tulikuwa nazo Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, na moyo wangu ulishaanza kutamani wawe wa kwetu. Kakataa. Tabora Jazz mtindo wao Segere Matata anaujua hata usingizini, kasema solo la hapa halitembei hivyo, huu ni mtindo wa Saboso, hawa ni Western Jazz, wa Dar es Salaam. Ila usinune, kasema, hao Western nao asili yao ni watu wa huku Jimbo la Magharibi waliokwenda pwani, jina lenyewe si unalisikia. Kumbe pale benchi kulikuwa na mzee mwingine anasubiri redio yake, akadakia, Western wapi, hao ni Nyanyembe, huyo mwimbaji mimi nimemwona kwa macho yangu. Wakaanza. Nilikaa pale saa nzima wanabishana, mmoja anautaja wimbo jina hili, mwenzake lile, mara wamefika kwenye nani alimwacha mke wa nani kwenye dansi la mwaka gani, swichi ya redio yangu iko mkononi mwa fundi hajaifunga. Lakini angalau hapo nilikuwa na majina mawili na bendi mbili, na hakuna aliyeniambia haupo. Nyota tano, ingawa redio nilikwenda kuichukua kesho yake.

Nikaanza hata kumhurumia yule kijana. Nikasema mtoto wa leo, santuri hajaiona, utepe hajaushika, angejuaje. Nilikuwa nimeshamsamehe jamani, nilitaka niandike hapa kwamba mwende tu, ila mwende na kitu anachokijua.

Juzi sasa. Niko barazani natia uzi kwenye bobini, ikaja bodaboda imefungwa spika nyuma, imesimama dukani kwa jirani abiria anashuka. Gitaa. Linabisha hodi, linaghairi. Moyo ukapiga paa, nikainuka nikajua leo ndio leo, huyu kijana wa boda ana wimbo kamili, nimuulize jina. Nakaribia, domo la bata limeingia, na mimi naimba kimoyomoyo, stesheni, stesheni, na mara kwenye spika: UNA CHENJI YA ELFU KUMI?

Ni rekodi yangu! Redio yangu, baraza langu, hata pedali ya cherehani inasikika mwanzoni. Nikamuuliza yule wa boda umeitoa wapi, kasema ameinunua stendi, iko kwenye flashi ya zilipendwa, elfu tatu nyimbo mia mbili, tena hiyo ndio watu wanaipenda kwa sababu ya yule mama wa chenji. Nikamwambia hebu nionyeshe imeandikwaje. Traki sitini na nne.

Kwa hiyo ile nyota ya huruma niliyokuwa nimemwekea akiba yule kijana naichukua, na elfu tano yangu naitaka, Jumatatu niko pale kibandani nikitoka sokoni. Jirani yangu naye ametoka dukani kasikiliza sauti yake mara mbili, amefunga kanga vizuri, anasema tunakwenda wote, na akizungushwa yeye anakwenda mpaka ofisi ya hakimiliki, COSOTA.