Riwaya ya kumnunulia kijana likizo hii: ipi ianze, ipi isubiri

Ikikaribia Desemba, simu huanza. "Wifi, huyu wangu kamaliza kidato cha pili, nimnunulie kitabu gani chenye maadili?" Nauliza umri, nauliza Kiingereza chake kikoje, halafu nauliza bajeti. Maadili siulizi, kwa sababu hapo nina kipimo changu: je, mtoto wa kwenye riwaya anakosea yeye mwenyewe? Sisemi kuonewa, wala kukaa pembeni akitazama wakubwa wakigombana. Akosee, ajue kakosea, na kosa limgharimu. Kijana ukimpa habari za mtoto mwema atapiga miayo. Mpe habari za mtoto aliyefanya jambo la aibu, atasogeza kiti karibu na taa.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Great Expectations ya Charles Dickens, iliyotoka sehemu kwa sehemu katika jarida lake la kila wiki kati ya Desemba 1860 na Agosti 1861. Pip ni yatima anayelelewa na dada yake mkali na shemeji yake Joe, mhunzi mpole asiyejua kusoma vizuri. Mkesha wa Krismasi anakutana makaburini na mfungwa aliyetoroka, na kwa woga anamwibia chakula nyumbani na tupa ya kukatia pingu. Wengi hudhani hilo ndilo kosa lake. Hapana, hilo ni la kitoto. Kosa lenyewe linakuja baadaye, pale msichana wa nyumba kubwa anapocheka mikono yake migumu na viatu vyake vizito, naye anaanza kuitazama nyumba yao kwa macho ya yule msichana.

Kisha mfadhili asiyejulikana anamtolea fedha, Pip anahamia London kufundishwa uungwana, na Joe anakwenda kumtembelea. Hii ni sura ya 27, na peke yake inalipa bei ya kitabu. Joe kavaa nguo zisizomkaa, hajui kofia aiweke wapi, kila akiiegesha inaanguka, naye Joe anamwita yule mtoto aliyemlea "bwana". Pip anakiri kwamba kama angeweza kulipa fedha ili Joe asije, angelipa. Aliyesoma shule ya bweni akaona mama yake anashuka kwenye daladala siku ya wazazi, kitenge kimefifia na kikapu cha maandazi mkononi, mbele ya wenzake walioletwa na magari, hahitaji kufafanuliwa sura hiyo. Mpwa wangu alipofika hapo alikifunga kitabu siku mbili. Sikumuuliza kitu.

Uzuri wa Dickens ni kwamba hamrudishi Pip kwa hotuba. Anamrudisha kwa madeni, kwa ugonjwa, na kwa kumjulisha fedha zilitoka kwa nani hasa. Ubaya wake ni urefu. Sentensi zinapinda kama barabara ya Lushoto, na kijana wa miaka 13 ataishia njiani. Miaka 15 kwenda juu, sawa. Hakimiliki yake imekwisha zamani, kwa hiyo maandishi yote yapo bure kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ukimlipa mtu, unalipia karatasi na jalada tu. Usikubali bei ya kitabu kipya cha mwandishi aliye hai.

Nafasi ya pili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kiingereza chake, Paradise, kilitoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilichapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Kama kijana wako anasoma Kiswahili kwa raha kuliko Kiingereza, geuza orodha yangu, hiki kiwe cha kwanza. Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa treni kwenda na "Ami" Aziz. Akifika pwani, Khalil wa dukani anamweleza ukweli: huyu si ami yako, ni tajiri anayemdai baba yako, nawe umewekwa rehani.

Kwa miaka mingi Yusuf anatendewa tu, nami nilikaribia kukishusha hadi nafasi ya nne. Lakini kinachokua ndani yake ni swali: mtu aliyezoea kufungwa, akifunguliwa mlango atatoka? Bustani ya Aziz, ambayo Yusuf anaitazama kwa matamanio, inatunzwa na Mzee Hamdani, mtumwa wa zamani ambaye hata alipopewa uhuru hakuondoka, na anayo sababu yake. Mwisho wa Yusuf mwenyewe sitausema. Nitasema tu kwamba wasomaji wawili wa nyumba moja wanaweza kununiana juu yake wiki nzima. Anayeijua Sura ya Yusuf katika Kurani atatambua mengi, hadi shati lililochanwa kwa nyuma. Kuna mambo ya tamaa za watu wazima humo, kwa hiyo isiwe chini ya miaka 15, na mzazi atangulie kusoma.

Ya tatu ni Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, iliyotoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885. Katika sura ya 31, Huck anaandika barua ya kumfichua Jim, mtumwa anayetoroka naye mtoni, maana ndivyo alivyofundishwa kuwa ni haki. Anaitazama. Anaichana, huku akiamini kabisa kwamba kwa kufanya hivyo ataingia motoni. Sijaona mahali pengine mtoto anafanya jema huku akidhani anatenda dhambi. Basi kwa nini si ya kwanza? Lugha. Imeandikwa kwa lahaja za Mto Mississippi, na kijana wetu aliyejifunza Kiingereza cha darasani atahisi anasoma lugha ya tatu. Tusi la kibaguzi kwa watu weusi limo zaidi ya mara 200. Lipo toleo la 2011 lililoliondoa na kuweka neno "slave" (mtumwa). Mimi nanunua lisilochezewa, halafu tunakaa kuzungumza. Sura za mwisho, rafiki yake Huck, Tom Sawyer, anapougeuza uhuru wa Jim kuwa mchezo, zinaudhi.

To Kill a Mockingbird ya Harper Lee (1960) naiweka ya nne, na najua nitalaumiwa. Ni riwaya nzuri, ilipata tuzo ya Pulitzer 1961. Ila kazi ngumu ya dhamiri inafanywa na baba, wakili Atticus, na binti yake Scout anamtazama kutoka roshani ya mahakama. Isipokuwa sehemu moja: kaka yake Jem anakatakata maua ya bibi mmoja mtukanaji, kisha analazimishwa kwenda kumsomea kila siku, na baadaye ndipo anajua bibi yule alikuwa anapigana na nini. Hakimiliki yake bado ipo, kwa hiyo PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni za wizi. Usichanganye na Go Set a Watchman ya 2015, inayouzwa kama mwendelezo ilhali iliandikwa kabla.

Siku Njema ya Ken Walibora (1996) ni kwa wa miaka 12 au 13. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, na Kiswahili chake ni asali. Mabaya mengi anatendewa kuliko anayoyatenda, ndiyo maana iko huku chini. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), habari za binti anayebanwa mno na baba yake, isubiri hadi miaka 17. Na ukiinunua, baba naye aisome, hasa baba.

Sasa kununua kwenyewe. Mara moja nilinunua Dickens iliyotandikwa kwenye turubai barabarani, jalada linang'aa, nyumbani nikakuta ni toleo lililofupishwa: ule ujio wa Joe umebaki aya moja. Muuzaji hakudanganya, mimi sikufungua. Siku hizi nafungua sura ya mwisho kabla ya kutaja bei. Great Expectations kamili ina sura 59, Huckleberry Finn 43, Mockingbird 31. Pungufu ya hapo, rudisha. Kisha pitisha kidole pembeni kuona kama kurasa hazijarukwa, maana nakala za kudurufu hupoteza kurasa 16 kwa mpigo, na shikilia ukurasa mmoja kwenye mwanga: kama maandishi ya upande wa pili yanaonekana, macho ya mtoto yatachoka kabla ya Pip kufika London.