Vipandikizi vya meno ya juu na mfupa uliolika: uzoefu wangu

Nimevaa meno ya bandia ya juu tangu ujana, yale ya kuvua usiku. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika huanza kulika taratibu, na wangu ulilika hadi yale meno yakawa yananicheza nikicheka. Kliniki ya kwanza, hapa Mombasa, iliniahidi meno mapya kwa siku moja bila hata kunipiga picha. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Ya Nairobi ilianza na skani ya taya. Daktari akanionyesha kwenye kompyuta: sehemu ya magego mfupa umebaki milimita 3 hivi, juu yake sainasi, yaani uwazi wenye hewa kando ya pua. Kipandikizi cha kawaida, yaani skrubu inayofungwa mfupani kushika jino, kina urefu wa milimita 8 hadi 13, kingeshika wapi? Nikapewa njia mbili. Ama ngozi nyembamba ya sainasi iinuliwe, chini yake pajazwe unga wa mfupa, tungoje kama nusu mwaka ushikane. Ama viwekwe vipandikizi virefu vya kuchomekwa kwenye mfupa wa shavu, vingine hufika milimita 50. Nilichagua unga.

"Daktari, mfupa huo ni wa mnyama gani?"

"Wa ng'ombe, mama."

Nikauliza na utando wa kufunikia juu yake. Hapo alinyamaza kidogo, akasoma pakiti: nguruwe. Hakubishana nami, aliagiza wa ng'ombe nikausubiri. Waislamu wenzangu, ulizeni yote mawili, maana ukiuliza mfupa utajibiwa mfupa tu.

Upasuaji wenyewe, kwa ganzi, haukuniuma. Ni ile mitikisiko kichwani ndiyo inayochosha. Baadaye shavu lilivimba na chini ya jicho pakavia damu. Masharti ndiyo kazi: usipenge kamasi, usinywe kwa mrija, chafya ikija fungua mdomo. Wavuta sigara wanaambiwa waache, kwani vipandikizi vyao hushindwa kushika mara nyingi zaidi.

Sasa vipandikizi vimeshashika, meno hayachezi, na mahamri natafuna upande wowote. Lakini bei niliyotajiwa mwanzo haikuwa na meno ya muda wala skani ya pili, na niliyajua hayo nikiwa dirishani pa malipo. Dai karatasi yenye kila kitu kabla hujatoa shilingi. Nawapa nyota nne. Ya tano amebaki nayo mhasibu wao.